Kugeuza Ndege Ndogo ya Mpira Iwe ya Mota na Rimoti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliye na ndege ndogo ya mpira, ile ya vijiti vya balsa iliyovikwa karatasi ya shashi, ambayo propela yake huzungushwa na mpira uliosokotwa, naye anataka kuitia mota ya umeme na kuiongoza kwa rimoti. Vipimo ni vya ndege yenye mabawa ya sentimita 45 hadi 75 kutoka ncha hadi ncha. Upepo na unyevu tunaouzungumzia ni wa Mombasa, na huo hubadilisha mambo mengi ambayo maelekezo ya kwenye boksi hayagusi kabisa.

Ndege ipi inafaa kugeuzwa, na ipi niiache?

Chagua yenye bawa juu ya kiwiliwili, ncha za mabawa zikiwa zimeinuka, na mkia mpana. Kwa kazi ya kwanza, mabawa ya sentimita 60 ndiyo mazuri zaidi: nafasi ya vifaa ipo, na kosa la gramu 3 haliiui ndege. Chini ya sentimita 45 kazi inawezekana, lakini vifaa vya kuitosha ni ghali na vidole vinahitaji subira.

Ndege za kivita za bawa la chini zinavutia macho, ila nyingi zina mkia mdogo na mabawa yaliyonyooka. Hizo ngojea mpaka uwe na mkono mwepesi wa kuendesha.

Pima kiunzi kabla ya kununua chochote. Mizani ndogo ya kidijitali, kama ile ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ni chombo cha lazima katika kazi hii. Kiunzi cha sentimita 60 kilichokwisha kuvikwa karatasi, bila mpira wala propela, kikiwa na gramu 28 hivi uko pazuri. Kikifika 40, mbao zilikuwa nzito au gundi ilimwagwa, na hakuna mota itakayoponya hilo.

Kama ndege bado iko kwenye boksi, bahati yako. Geuza kwenye mchoro kabla ya kugeuza kwenye mbao: mkia ujengwe kwa balsa nyepesi kuliko zote ulizonazo, na sehemu za kuimarisha kiunzi kwa ajili ya mpira ziachwe.

Uzito wa mwisho uwe kiasi gani?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote yanalifuata. Usihesabu gramu peke yake, hesabu gramu kwa kila desimita mraba ya bawa. Mabawa ya sentimita 61 yenye upana wa sentimita 10 yana eneo la desimita mraba 6.1. Ndege nzima ikiwa na gramu 60, kila desimita mraba inabeba karibu gramu 10.

Kwa gramu 10, bawa huacha kubeba ndege ikishuka chini ya mita 4 kwa sekunde, yaani kama kilomita 14 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia, na unapata muda wa kufikiri kabla ya kugusa rimoti. Kwa gramu 16, kiwango hicho kinapanda hadi mita 5 kwa sekunde. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kugonga ardhi hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo ndege nzito hupata pigo kali mara mbili: uzito umezidi na mwendo umezidi. Vijiti vya balsa vya milimita 2 havivumilii hayo.

Lenga gramu 8 hadi 11. Mpaka 13 bado itaruka vizuri asubuhi tulivu. Ikipita 15 utakuwa na ndege nyingine, ya kukimbizana nayo.

Mfano wa seti nyepesi ya betri ya seli moja: mota ndogo ya brashi (vipande vinavyogusa na kupitisha umeme ndani ya mota) yenye gia, pamoja na propela, gramu 9, resiva (kipokea mawimbi ya rimoti) yenye kidhibiti mwendo ndani gramu 3, sevo (vimota vya kuchezesha mkia) mbili gramu 3.5, betri gramu 8, nyaya na vikorokoro gramu 3. Jumla gramu 26.5. Ukijumlisha na kiunzi cha gramu 28 unapata 54.5, karibu gramu 9 kwa desimita mraba. Seti ya mota isiyo na brashi na betri ya seli mbili hufika gramu 35 hivi, na ndege inakuwa na 63. Zote mbili zinafaa.

Mpira ukitolewa, kitu gani kingine kinabadilika?

Kiwiliwili cha ndege ya mpira kimejengwa kubeba mvutano mkubwa kutoka puani hadi kwenye kigingi cha nyuma, tena kikisokotwa. Mpira ukiondoka mzigo huo haupo. Sahani za balsa zilizozunguka kigingi cha nyuma zinaweza kutobolewa au kuondolewa, na kila gramu unayoitoa huko nyuma ina faida mara tatu, kama utakavyoona kwenye swali la kitovu cha uzito.

Nguvu nayo inakuja kwa namna nyingine. Mpira hutoa nguvu nyingi katika sekunde za mwanzo kisha hulegea, ndiyo maana waundaji huielekeza pua chini na kulia kwa pembe kubwa. Mota hutoa nguvu iliyo sawa na wewe ndiye unayeipunguza, kwa hiyo pembe hizo zinapungua.

Na ile propela kubwa ya plastiki ya mpira usiifunge moja kwa moja kwenye mota. Ina kipenyo cha sentimita 15 au zaidi na msokoto mkali. Mota ndogo itavuta umeme kupita kiasi, itachemka na kuungua hata kabla ndege haijaondoka mkononi.

Nichukue mota gani?

Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni mota ya brashi ya kipenyo cha milimita 8.5 na urefu wa milimita 20, ikiwa na gia. Inatumia seli moja ya betri ya lithiamu, volti 3.7, na huvuta ampea 2 hadi 3, yaani wati 7 hadi 11. Kwa ndege ya gramu 55 nguvu hiyo inatosha kupanda kwa raha. Gia ni ya lazima: bila gia mota hii inazungusha propela ndogo kwa kasi kubwa sana, nayo ndege hii ya mwendo wa pole inahitaji hewa nyingi isukumwe taratibu. Ubaya wake ni maisha mafupi. Brashi zinalika, na baada ya saa chache za kuruka utaona nguvu imepungua bila sababu nyingine. Nunua mbili kwa pamoja.

Ya pili ni mota isiyo na brashi ya gramu 5 hadi 7, yenye kv 2,500 hadi 3,000. Kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti pale mota inapozunguka bila mzigo. Itie betri ya seli mbili, volti 7.4, na propela ya inchi 5 kwa 3 (5 ni kipenyo, 3 ni msokoto). Inadumu, haina gia ya kuvunjika, na ina nguvu ya akiba. Inahitaji kidhibiti mwendo cha peke yake, kile kinachoandikwa ESC, cha ampea 5 au 6.

Maoni yetu ni haya: ndege ya sentimita 50 kushuka chini, chukua ya brashi. Sentimita 60 kwenda juu, chukua isiyo na brashi. Usinunue mota kubwa "kwa usalama". Mota kubwa inataka betri kubwa, betri kubwa inataka kiunzi kigumu, na ndege inakwisha kuwa tofali.

Je, vifaa vya drone ya watoto iliyoharibika vinafaa?

Baadhi yake, na kwa Mombasa hii ni njia nzuri ya kuanzia. Mota zake mara nyingi ni zile zile za milimita 8.5 au ndogo yake, na betri ya seli moja inatumika vizuri ikiwa haijavimba. Ubao wa umeme wa drone ndio usiofaa: umepangwa kuzisawazisha mota nne kwa pamoja, hauna mahali pa sevo.

Angalia upande wa mzunguko. Drone ina mota mbili za kuzunguka kulia na mbili za kushoto, rangi za nyaya zake zikiwa tofauti. Gia moja hugeuza upande. Kwa hiyo ukitaka propela izunguke kulia, ukiitazama kutoka nyuma ya ndege, chukua ile mota inayozunguka kushoto.

Nyaya zake ni nyembamba kama nywele na kulehemu kwake kunataka ncha ndogo ya moto. Fundi wa simu wa mtaani anaifanya kazi hiyo kila siku. Mpelekee vipande vyote, umwoneshe mchoro, na umwambie nyaya ziwe fupi.

Betri ya ukubwa gani?

Kwa seti ya brashi, seli moja ya mAh 300, gramu 8 hivi. Ukiruka kwa wastani wa ampea 1.5 na kutumia asilimia 80 tu ya betri, unapata dakika 9 na zaidi kidogo. Kwa isiyo na brashi, seli mbili za mAh 180, gramu 12 hivi, hutoa dakika 7 kwa wastani wa ampea 1.2.

Tazama pia namba ya C, yaani betri inaweza kutoa umeme mara ngapi ya ukubwa wake. Mota ikivuta ampea 3 kutoka betri ya mAh 180, hiyo ni karibu 17C. Betri iliyoandikwa 25C itahimili; ya 10C itazama volti na mota itazimika ndege ikiwa juu.

Resiva na sevo zipi?

Resiva za gigahezi 2.4 zenye gramu 2 hadi 4 zipo nyingi. Hakikisha tu resiva na rimoti zinatumia itifaki moja, yaani lugha moja ya mawasiliano, maana mbili zisizoelewana hazitaungana hata ukikesha. Kwa seti ya brashi, tafuta resiva yenye kidhibiti cha mota ya brashi ndani yake: unaokoa gramu na viungo vya kulehemu.

Sevo ziwe za gramu 1.7 hadi 2.5. Zile za gramu 9 zinazouzwa kwa wanafunzi wa roboti ni rahisi kupatikana, lakini mbili peke yake ni gramu 18, theluthi ya ndege nzima. Ziache.

Antena ya resiva ina ncha iliyovuliwa ganda, milimita 31, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi. Usiikate, usiikunje, usiilaze juu ya betri. Itoboze kwenye karatasi ya kiwiliwili ikae wima au kwa upande, mbali na mota.

Ukishaunganisha, pima jambo moja kabla ya lingine lolote: washa, weka mota nusu ukiwa umeshika ndege imara, kisha zima rimoti. Mota lazima isimame yenyewe. Isiposimama, panga upya kinga ya kupoteza mawimbi. Chini ya hapo, usirushe.

Mota naifungaje puani?

Kata kipande cha plaiwudi cha milimita 0.8 au 1 kulingana na umbo la pua. Kigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao kwenye fremu ya kwanza na ukizungushie vipembe vya balsa kwa ndani. Gundi ya supa peke yake hapa haitoshi, kwani ikikauka ni kavu kama kioo na mtetemo wa mota unaipasua. Mota ya brashi, iliyo kama mrija, isukumwe ndani ya tundu lililobana, ili ndege ikianguka irudi nyuma badala ya kuvunja pua.

Pembe ndizo zinazowashinda wengi. Mota ielekee chini digrii 2 hadi 3, na kulia digrii 2, ikiwa propela inazunguka kulia kwa mtu aliye nyuma. Kwa ubao wa urefu wa sentimita 3, kila digrii ni nusu milimita. Kwa hiyo kupata digrii 2 za kulia, upande wa kushoto wa mota unainuliwa milimita 1. Vipande vya plastiki vya kadi ya laini ya simu, ile fremu inayobaki ukishaibandua laini, vina unene wa kufaa kabisa. Usivigundishe moja kwa moja mpaka ndege iwe imeruka, kwa sababu utaviongeza na kuvipunguza.

Acha matundu ya hewa: moja dogo chini ya pua, na jingine kubwa zaidi nyuma ili hewa itoke. Mombasa hewa yenyewe ni ya moto, na kidhibiti mwendo kilichofungiwa ndani ya karatasi hakipoi.

Mkia naukataje?

Kwa ndege hizi unahitaji vitu viwili tu vinavyocheza: usukani wa kushoto na kulia, na eleveta ya juu na chini. Usiweke vya mabawani. Ncha zilizoinuka hufanya kazi hiyo: usukani ukipinda pua, bawa la nje hupata hewa zaidi na ndege inajilaza yenyewe. Kwa hilo kila ncha iwe imeinuka digrii 5 au 6. Kwa nusu bawa la sentimita 30, digrii 6 ni sentimita 3 kutoka mezani.

Kama mkia umeshavikwa, tia kwanza kijiti cha pili cha balsa cha milimita 2 sambamba na pale utakapokata, kigundishwe, kikauke usiku mzima. Ndipo ukate katikati ya vijiti viwili kwa wembe mpya. Ukikata bila kijiti cha pili, upande mmoja utabaki hauna ukingo na karatasi itauvuta uwe kama upinde.

Upana wa eleveta uwe sentimita 1.5, wa usukani 2 hadi 2.5. Piga msasa kingo zinazokutana ziwe na mteremko, kisha fanya bawaba za vipande vya tepu nyembamba ya kitambaa, ile ya duka la dawa, milimita 5 kwa 10, mbili au tatu kwa kila kimoja. Bawaba ziwe laini kiasi kwamba eleveta inaanguka kwa uzito wake ukiinua ndege. Sevo ya gramu 1.7 haina nguvu ya kupigana na bawaba ngumu. Itaunguruma, itakula betri, mwisho itaungua.

Mwendo wa kuanzia: eleveta milimita 6 juu na 6 chini, usukani milimita 15 kila upande.

Fimbo za kuvuta au nyuzi?

Fimbo ya kaboni ya milimita 0.8 ni bora ukiipata. Kijiti cha mishikaki cha mwanzi, kikichongwa na kupigwa msasa mpaka milimita 1.2, kinafanya kazi nzuri, ila kishikiliwe katikati na vipete viwili vya karatasi kisipinde. Njia nyepesi kuliko zote ni nyuzi mbili za mshipi mwembamba wa kuvulia, moja kila upande wa sevo. Nyuzi zisikazwe mpaka zilie. Zikitoa ulegevu tu basi. Nailoni hubadilika urefu, kwa hiyo tazama usukani uko katikati kila asubuhi kabla ya kuruka.

Vipembe vya kufungia fimbo vikate kutoka ile ile plastiki ya kadi ya laini.

Kitovu cha uzito kiwe wapi?

Robo hadi theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa la sentimita 10, anza na sentimita 3. Baadhi ya ndege za mpira zimechorwa na alama iliyo nyuma zaidi, hata katikati ya bawa. Alama hiyo ni ya ndege inayojirukia yenyewe kwa mkia unaobeba. Ukiifuata kwa rimoti, eleveta itakuwa kali na ndege haitatulia.

Panga hivi: weka ndege ikiwa imekamilika juu ya vidole viwili pale penye alama, halafu sogeza betri mbele au nyuma mpaka ikae sawa, pua ikishuka kidogo tu. Ndiyo maana kitanda cha betri kifanywe kirefu, cha balsa ya milimita 1.5 yenye velkro, nawe uweke alama ya kalamu mahali betri inapokaa.

Hapa ndipo mkia mzito unapodai deni lake. Tuseme pua iko sentimita 12 mbele ya kitovu na mkia uko sentimita 36 nyuma. Kila gramu mkiani inadai gramu 3 puani. Rangi, gundi iliyozidi, gurudumu la nyuma: gramu 2 za vitu hivyo zinakuwa 8 kwa jumla. Ikibidi kuongeza uzito, kipande cha chubwi cha mvuvi kinatosha, lakini jaribu kwanza kuhamisha sevo mbele, chini ya bawa.

Bawa nalo liwe na pembe kubwa kuliko mkia wa kulala kwa digrii 2 au 3. Jambo hili ni la zamani: Alphonse Pénaud alilionesha mjini Paris mwaka 1871 kwa ndege ya mpira iliyojisawazisha hewani kwa sekunde 11. Tofauti hiyo ya pembe ndiyo inayoirudisha ndege yako sawa ukiachia vidole.

Karatasi ya shashi inalegea na mabawa yanapinda. Kwa nini?

Ni unyevu. Karatasi hunyonya maji ya hewani na kulegea, jua likipanda inakaza, na kama upande mmoja umepata gundi nyingi kuliko mwingine bawa linajisokota. Mombasa hali hii inajirudia kila siku.

Ivike karatasi, inyunyizie maji kidogo, kisha bana bawa kwa pini juu ya ubao ulionyooka mpaka likauke kabisa. Pakaa vanishi ya selulosi iliyoyeyushwa nusu kwa nusu na thina yake, mikono miwili myembamba. Mkono wa kwanza unajaza, wa pili unazuia maji. Pakaa asubuhi penye jua. Jioni yenye unyevu vanishi inageuka nyeupe kama ukungu. Vanishi ya mafuta ya milango na madirisha ni nzito mno.

Bawa lililokwisha kupinda hunyooshwa juu ya mvuke wa birika: lipindishe kinyume kidogo, lishike hivyo mpaka lipoe. Kabla ya kila siku ya kuruka, litazame kutoka nyuma kwa jicho moja. Ncha moja ikiwa imeinama zaidi ya nyingine kwa milimita 3, usirushe.

Ukichoka na karatasi, plastiki nyembamba ya kuvikia inayokazwa kwa pasi haijali unyevu, lakini haikipi kiunzi ugumu kama karatasi. Kwa ndege ndogo sisi bado tunaipendelea karatasi.

Nirushe wapi na saa ngapi?

Alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Wakati wa kusi upepo ni mkali siku nyingi, na ndege ya kilomita 14 kwa saa itarudi kinyumenyume. Miezi ya tangambili, kaskazi na kusi zinapopokezana, ndiyo yenye asubuhi tulivu zaidi. Majani ya mnazi yakianza kutikisika mfululizo, funga kazi.

Wengine huuliza kama waongeze uzito ili ndege ishindane na upepo. Hapana. Subiri siku nyingine.

Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina hapafai: watu ni wengi, mibuyu ni mikubwa, na upepo unatoka baharini moja kwa moja. Ufukweni napo ndege ikizima inaangukia maji ya chumvi, na vifaa vya umeme vikishaingia chumvi havirudi. Tafuta uwanja wa shule wenye nyasi, kwa ruhusa ya mwenye uwanja, mbali na nyaya za stima.

Anga ina mwenyewe. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ina kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020. Wasiliana nayo kwanza ujue ndege yako inahesabiwa vipi na ni wapi panaruhusiwa. Maeneo ya Port Reitz, Changamwe na Magongo yaliyo karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi, pamoja na kambi ya wanamaji Mtongwe, usiyafikirie kabisa.

Siku ya kwanza nianzeje?

Bila mota. Simama kwenye nyasi ndefu, elekea upepo, isukume ndege usawa wa bega, kama unayempa mtu kitu, pua ikielekea chini kidogo. Inapaswa kuteleza mita 8 hadi 10 na kugusa nyasi taratibu. Ikizama, sogeza betri nyuma milimita 3. Ikiinua pua na kusita, sogeza mbele. Rudia mpaka iteleze vilevile mara tatu mfululizo.

Halafu mota nusu, isukume tena, uiache iende mbele moja kwa moja. Ikiwa sawa, ongeza mpaka robo tatu, ipande hadi urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, ndipo ugeuke, na geuza kwa usukani kidogo kidogo. Ikija upande wako, kulia na kushoto hugeuka: sukuma kijiti kuelekea bawa lililoinama, litainuka.

Inaruka vibaya. Tatizo ni nini?

*Pua inapanda kila nikiongeza mota, lakini ikizimwa inateleza vizuri.* Mota haijaelekea chini vya kutosha. Ongeza digrii 1. Usirekebishe kwa eleveta, kwa sababu utaharibu mtelezo ulio mzuri.

*Inainua pua, inasita, inazama, inarudia, hata mota ikiwa imezimwa.* Kitovu kiko nyuma, au eleveta imeinuka. Jaribu betri kwanza.

*Inavuta kushoto mota ikiwaka.* Ongeza pembe ya kulia. Ikivuta hata mota ikiwa imezimwa, bawa limepinda.

*Inageuka halafu inazama kwa mzunguko.* Usukani umezidi. Rudisha usukani katikati kwanza, ndipo uvute eleveta. Ukivuta eleveta ikiwa bado imelala, mzunguko unakaza. Nyumbani punguza mwendo wa usukani uwe milimita 10.

*Mota inakata baada ya sekunde kumi, ikipumzika inawaka tena.* Volti zinazama. Betri imechoka, ina C ndogo, au propela ni kubwa. Gusa mota: kama kidole hakivumilii sekunde 3, punguza propela.

*Sevo zinatetemeka.* Angalia viungio. Hewa ya chumvi huvipa kutu ya kijani. Visugue kwa kitambaa chenye spiriti na uvibadilishe kila vinapolegea.

Kuchaji na kutunza betri kwenye joto?

Chaja iwe ya betri za lithiamu za aina hiyo, ikiishia volti 4.20 kwa kila seli. Betri ya mAh 300 ichajiwe kwa ampea 0.3. Iweke juu ya kigae au ndani ya chombo cha udongo kilicho wazi, mbali na pazia na kitanda, nawe ukae hapo hapo. Stima ikikatika na kurudi, kagua mipangilio ya chaja kabla ya kuendelea. Usiteremshe seli chini ya volti 3.3. Ukijua hutaruka kwa siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8.

Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena.

Nikitaka kuirudisha kwenye mpira?

Inawezekana ukiamua mapema. Usizibe tundu la kigingi cha nyuma, lifunike kwa karatasi tu. Ubao wa mota ufanye wa kuchomoka pamoja na pua nzima, ushikwe kwa raba mbili ndogo, na sevo zifungwe kando ya kiwiliwili ili mpira upite katikati bila kugusa kitu. Utazibeba sevo bure siku za mpira, gramu 4 au 5, na kitovu cha uzito kitabidi kipangwe upya kila unapobadilisha.